Mama hasemi, lakini anaimba

SEHEMU YA 1

 

Wengi mmeniuliza nimepotelea wapi. Tuliishia kwenye chakula cha mtoto akishatimiza miezi 6, nikawaahidi wiki inayofuata tungeendelea na uji wa lishe, halafu kimya. Miezi mitatu. Naomba radhi. Nilikuwa nauguza, na anayeuguliwa ni mama yangu mzazi.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua naishi Magoma, huku Korogwe, kwenye bonde la Lwengera. Ukisimama uwanjani kwangu unaiona milima ya Usambara upande huu na upande ule, na chini yake mkonge. Mama nimemchukua akae na mimi tangu nilipojifungua huyu wa mwisho. Ana miaka 68. Amelea watoto watano, amelima, amechota maji, amekaanga maandazi ya kuuza. Mtu wa kazi. Presha alikuwa nayo na dawa nilikuwa namletea mwenyewe. Sasa sikilizeni kosa letu: alipoanza kujisikia vizuri akaacha kumeza. Alikuwa anavificha vidonge kwenye kopo la chumvi la zamani. Mimi nesi, niliyesimama kliniki miaka kumi na tano nikiwaambia watu presha haina maumivu, nimelala nyumba moja na kopo lile sikujua.

Asubuhi moja nikamkuta amekaa chini pembeni ya mafiga, kuni mkononi, moto haujawashwa. Mdomo umekwenda upande. Nikamwambia, "Mama, nyanyua mikono yote miwili." Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki pajani kama si wake. Sikuuliza swali la tatu. Nikapiga simu ya gari.

Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani yuko hai, na kwa hilo nashukuru. Lakini alirudi na neno moja tu. Neno lenyewe ni "hapana".

Jamani, msicheke, ingawa sisi wenyewe tulicheka mwanzoni. Unamuuliza, mama unataka chai? "Hapana." Unamwekea, anakunywa mpaka chini. Mama unaumwa? "Hapana," na machozi yanamtoka. Mama, huyu nani? Anamwangalia mjukuu wake, anamvuta, anambusu: "Hapana." Akili yake ipo. Anaelewa kila kitu, ukimwambia inua mguu anainua. Kilichoharibika ni njia ya maneno kutoka. Damu imeathiri upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mwili wake wa kulia umelegea, na kwa watu wengi upande huohuo wa kushoto ndio unaotengeneza maneno.

Haya yote nayajua, nimeyasoma chuoni. Lakini kuna siku saa nane usiku, mtoto analia, mama naye amelowesha shuka, namuuliza kwa nini hukuniamsha, ananijibu "hapana", nikampigia kelele. Nilimpigia kelele mama yangu. Kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje mpaka majogoo.

Nimeandika hilo kwa sababu najua humu kuna anayeuguza mzazi huku ananyonyesha, na anadhani yeye peke yake ndiye mbaya.

Inaendelea.

SEHEMU YA 2

Siku ya gulio nilipita kwenye kibanda cha kijana anayechaji simu na kuingiza nyimbo. Nilikuwa na kiredio kile cha memori kadi, cha bei ndogo, nilitaka aniwekee nyimbo za watoto. Binti yangu wa miaka minne alikuwa anamsumbua bibi yake siku nzima na sina msichana wa kazi. Kijana akaniuliza, "Dada, nikujazie na zingine? Nafasi ipo." Nikamwambia jaza chochote mdogo wangu, mradi si matusi.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kupumzika, kwa hiyo nilikuwa nafua. Mama nimemkalisha kwenye kiti chake chini ya mwembe, mto nyuma ya mgongo, mkono wa kulia nimeuegemeza kwenye kanga iliyokunjwa. Mtoto anabonyeza redio ovyo. Zikapita nyimbo za kuhesabu, ikapita singeli, ikapita kaswida, halafu ikaingia taarabu ya zamani, ile ya pole pole, gitaa linadonoa kwa mbali na sauti ya mwanamke inaanza bila haraka.

Nikasikia watu wawili wanaimba.

Nilidhani ni jirani. Nikageuka. Ni mama. Macho ameyafumba, kichwa anakitikisa kidogo, mkono wake mzima unapiga pole pole kwenye paja. Na anachokiimba si mlio mtupu. Ni maneno, ubeti mzima, kisha kiitikio, kisha ubeti wa pili. Mdomo bado umekwenda upande kwa hiyo baadhi ya herufi zinateleza, lakini maneno ni yale yale ya kwenye redio, na pengine yeye anatangulia kidogo.

Mtoto akasema, "Mama, bibi anaongea!"

Wimbo ulipokwisha nikapiga magoti mbele yake na mapovu mikononi. "Mama, umeimba!"

Akanitazama. "Hapana."

Basi tukarudia wimbo ule mara saba, na mara zote saba aliimba. Nguo zangu zilishinda kwenye beseni mpaka jioni.

Sasa na mimi nilikuwa naujua wimbo ule, lakini kama unavyoujua mlango wa nyumba uliyozaliwa. Sikuwa najua unaitwaje wala nani kauimba. Kwenye kiredio unaonekana kwa namba tu. Nikarudi kwa yule kijana, akaniambia, "Hiyo zilipendwa dada, ya huku huku Tanga," basi, hapo ndipo elimu yake ilipoishia. Aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi korona zamani, kule kwenye mashine za kuchakata mkonge. Nilimchezea nusu dakika tu. Akavua kofia.

"Huyo ni Shakila, mwanangu. Shakila wa Black Star. Mnamsikiliza nyie leo? Tulidhani mmemzika na sisi."

SEHEMU YA 3

Kwa nyie vijana mliozaliwa juzi, Shakila Saidi alikuwa mwimbaji wa taarabu wa mkoa wetu huu wa Tanga. Alijulikana akiwa na Black Star Musical Club, na mji wa Tanga ulikuwa pia na Lucky Star. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akaimba na JKT Taarab. Alifariki Agosti 2016. Nyimbo zake mnazijua hata kama hamjui kwamba mnazijua: "Kifo cha Mahaba", "Macho Yanacheka". Muulize yeyote aliyepita miaka hamsini atakuanzishia moja hapo hapo.

Taarabu ilikuwepo kabla yake, na mwanamke kurekodi ilikuwepo pia. Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari mpaka Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Lakini taarabu ya Unguja niliyoizoea mimi ni ya kundi kubwa, fidla nyingi, udi, kanuni, watu wamekaa safu. Hawa wa Tanga walipunguza watu, wakaweka gitaa na gitaa la besi na ngoma inayochezeka, ikawa taarabu inayoweza kuingia kwenye redio ndogo na kusikika vizuri. Mwaka 1989 kampuni moja ya London ilizikusanya rekodi za Black Star na Lucky Star, ikazitoa kwa jina la Nyota. Nilipolisoma hilo kwenye simu, nikiwa nimekaa kitandani kwa mama, niliona ajabu kidogo. Wazungu wa London walizitafuta, na mimi wa Korogwe nilizipata kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi.

Sisi tulikulia kambi ya mkonge. Baba alikuwa mkataji. Anaondoka gizani, anarudi mchana mikono imechomwa na miba, anahesabu mita zake. Kwenye laini yetu redio ilikuwa kwa jirani mmoja, na mawe yakiisha nguvu tunayaanika juani juu ya bati ili yavute siku mbili zaidi. Enzi hizo redio ni Radio Tanzania tu. Saa za taarabu wanawake wanasogea na kazi zao: huyu anachambua mboga, huyu anasuka mtoto, huyu ananyonyesha. Mama ndiye aliyekuwa anashika maneno upesi. Wimbo ukipita mara mbili anao. Palipokuwa na harusi walikuwa wanakuja kumchukua aanzishe, wenzake waitikie. Nyumbani aliimba akitwanga, akitoa majivu, akinibembeleza mdogo wangu. Mimi nilidhani nyimbo zile ni zake.

Halafu akaacha. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mwaka huo baba alikwenda Tanga kutafuta kazi bandarini, na baadaye tukasikia ana nyumba huko, na katika nyumba hiyo kuna mtu. Mama hakutuambia neno. Hakumsema vibaya baba yetu hata siku moja, na mpaka baba anafariki alikuwa anatuambia mkamsalimie baba yenu. Alianza kukaanga maandazi alfajiri. Watu wa harusi walikuja mara mbili tatu, akawaambia kifua kinamsumbua. Wakaacha kuja. Mimi mtoto nilichokiona ni kwamba nyumba imekuwa kimya, na nikajiambia labda redio ya jirani imekufa.

Sasa nina miaka arobaini, nina ndoa, nina watoto wawili. Nimesikiliza rekodi zile usiku, kwa sauti ndogo, mtoto ziwani, wimbo mmoja baada ya mwingine. Na hapo ndipo niliposhtuka. Nyimbo nilizodhani ni za kutwangia, kumbe ni mambo mazito ya watu wazima. Ni mapenzi, ni kuachwa, ni kuvumilia mbele za watu. Lile jina tu, "Macho Yanacheka", likalie ulifikirie. Na Shakila haimbi kama mtu anayelia. Halazimishi. Sauti iko juu, nyembamba, imenyooka, anayatamka maneno yote mpaka mwisho kama mtu anayekueleza jambo huku anakumiminia chai. Uchungu anakuachia wewe.

Mama alikuwa anaimba kitu gani pale kinuni? Alikuwa anajua kabla ya sisi? Na aliacha kwa sababu gani, kwamba nyimbo zilianza kumsema yeye? Au hakutaka watu wa laini wamsikie, waseme anamwimbia mumewe?

Miaka thelathini nimekaa naye. Nimempeleka kliniki, nimempikia, tumelala chumba kimoja. Sikuwahi kumuuliza. Nilijua nina muda.

SEHEMU YA 4 (ya mwisho)

Nimepokea meseji nyingi. Mnauliza, je, mama sasa anaongea? Niwajibu kama nesi kwanza.

Mtu aliyepoteza maneno baada ya kiharusi kuweza kuimba si muujiza na si mashetani. Ni jambo linalojulikana. Kuimba hutumia sehemu nyingi za ubongo, pamoja na upande wa kulia, na wimbo uliokaa kichwani miaka mingi unaweza kutoka mzima wakati sentensi ya kawaida imegoma. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, waliandika kuhusu njia ya kumfundisha mgonjwa maneno kwa kuyaimba: unachukua sentensi fupi, unaipa mlio wa juu na chini, mgonjwa anaifuata huku mkono wake wa kushoto ukigongwa taratibu kwa kila silabi. Ukiendelea, unapunguza uimbaji kidogo kidogo mpaka yabaki maneno. Haifanyi kazi kwa kila mtu, na inataka uvumilivu. Wataalamu wa kufundisha kusema kwetu huku ni wachache, kwa hiyo mwenzangu wa mazoezi ya viungo alinielekeza namna ya kuanza, na mengine najifunza na mama mwenyewe.

Tunafanya asubuhi na jioni, robo saa. Kwanza Shakila, ili koo lifunguke. Kisha nazima redio, namshika mkono, naimba kwa mlio ule ule: "Na-ta-ka ma-ji." Wiki tatu za mwanzo alikuwa ananiangalia kama mwendawazimu. Wiki ya nne akatoa "maji". Leo ana "nataka maji", ana "washa taa", na ana jina la mjukuu wake. Jina lile alilitoa bila kuimba, siku mtoto alipokuwa anakimbilia barabarani. Vitu vitatu kwa miezi miwili. Mtu mwingine atasema ni vichache. Mimi nililia.

Lakini swali langu halijibiki kwa vitu vitatu.

Juzi usiku nilimaliza kumgeuza na kumpaka mafuta, umeme ulikuwa umekatika, tukawa wawili na tochi ya simu. Nikamshika mkono nikauliza kwa kuimba, taratibu, kama tunavyofanya mazoezi: mama, ulikuwa unamwimbia baba?

Alinyamaza muda. Halafu akatabasamu na ule upande mmoja wa mdomo unaotabasamu.

"Hapana," akasema.

Na mimi sijui ni hapana ipi. Inaweza kuwa ile ya chai. Inaweza kuwa hapana kweli, alikuwa anajiimbia mwenyewe, anapenda tu sauti yake, na mimi nimemtungia maisha. Nilimfunika shuka, nikabaki nimekaa.

Kwa hiyo mama zangu, nina mambo matatu, halafu tutarudi kwenye uji wa lishe kama nilivyoahidi.

La kwanza ni la kitabibu, na msiliruke. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakianza kukorogeka, hata kama vimekuja kimoja tu na hata kama vimeondoka baada ya dakika chache, ni hospitali saa ile ile. Usimpe maji wala chakula njiani, anaweza kupaliwa. Usisubiri aamke. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu umepata nafuu. Nafuu yenyewe ndiyo kazi ya dawa. Na wewe uliyepata presha au kifafa cha mimba, usidhani yaliisha ulipojifungua. Wanawake waliopitia hilo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya presha na kiharusi miaka ya mbele. Pima angalau kila mwaka. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena na uonane na daktari. Na nenda kafungue makopo ya chumvi ya mama yako.

La pili, mwimbie mtoto wako. Mtoto tumboni anaanza kusikia akiwa na miezi sita hivi, na anazaliwa tayari anaijua sauti ya mama yake kati ya sauti nyingine. Hahitaji uimbe vizuri. Simu ina nyimbo elfu za watoto, lakini haina sauti yako. Binti yangu sasa hivi anaujua ubeti mmoja wa Shakila kutoka kwa bibi, na anauimba na makosa yale yale ya mdomo wa bibi. Sijamrekebisha.

La tatu. Kama mama yako, au bibi, au mama mkwe bado anaongea, muulize wiki hii alikuwa anaimba nini ulipokuwa mdogo, na kwa nini wimbo huo. Usiulize kwa haraka ukiwa umeshika ufunguo wa mlango. Kaa umsaidie kuchambua mboga. Akianza kuimba, bonyeza kitufe cha kurekodi kwenye simu yako, uiweke mahali isipofutika. Rekodi za Shakila zimedumu zaidi ya miaka hamsini kwa sababu kuna mtu aliweka mashine mbele yake. Za mama yangu za kwenye harusi, hakuna hata moja.

Zile za sasa, zenye mdomo ulioteleza, ninazo kumi na nne.

Niandikieni hapo chini: mama yako alikuwa anaimba wimbo gani? Nikimaliza zamu usiku nitayasoma yote. Nikiupata kwa yule kijana wa gulioni, nitampelekea mama, tuone kama naye anao.